Aliyosema Mwalimu Kiende Mbele ya Wazazi

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Kibirichia mliotoka nyumbani kabla ya jua, majirani wa Kianjokoma, walimu na wanafunzi wa zamani, familia inawashukuru kwa kukaa nasi tangu asubuhi, na kabla ya kuanza inawaomba radhi, kwa sababu kile kijitabu mlichopewa langoni, chenye picha ya marehemu, kina historia ya kurasa mbili ambayo si ya uongo lakini si yote, na itakayosomwa hapa ni nyingine, ambayo marehemu aliiandika kwa mkono wake katika daftari la shule kati ya Aprili na Novemba mwaka jana, akaagiza isomwe mbele ya jeneza lake na kifungua mimba wake, Muchangi, ambaye ndiye amesimama mbele yenu, na ambaye katika maandishi haya anatajwa kwa jina kama watu wengine, kwa kuwa mama yake hakutaka apate mahali pa kujificha.

Mwalimu Phyllis Kiende alizaliwa tarehe 3 Juni 1957 huko Kibirichia, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mithika na Mama Karwirwa, wakulima wa viazi ambao wote wawili wametangulia. Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, na kufikia umri wa miaka kumi tayari alikuwa akiitwa nyumba hadi nyumba kuwasomea akina mama barua za waume zao waliokuwa wakifanya kazi mbali, akilipwa kiazi cha kuchoma, akijua siri za kijiji kizima na kuzinyamazia. Aliendelea na sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 1974, akakaa nyumbani mwaka mmoja akimsaidia mama yake shambani, akaingia chuo cha ualimu Januari 1976 na kuhitimu Desemba 1977, wa kwanza katika ukoo wa Mithika kuitwa mwalimu.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mitunguu, alikofika Januari 1978, akalalamikia joto na mbu katika kila barua aliyoandika nyumbani, mpaka alipokutana na bwana shamba kijana kutoka Embu, Bwana Ndambiri, aliyekuwa akiwafundisha wakulima kupitisha maji kwenye migomba, na tangu hapo barua zikaacha kulitaja joto. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 19 Desemba 1981, wakahamia hapa kwao Bwana Ndambiri mwaka 1983, na ingawa Kimeru chake na Kiembu cha hapa vilisikilizana, mama mkwe wake alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba mke wa mwanawe huongea kama mtu anayepanda mlima. Mungu aliwajalia watoto wawili, Muchangi mwaka 1983, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya bima mjini Meru, na Kawira mwaka 1986, ambaye ni mfanyabiashara wa nguo mjini Embu.

Kuanzia Septemba 1983 hadi alipostaafu Juni 2017, Mwalimu alifundisha katika shule moja ya msingi ya eneo hili, ambayo aliomba isitajwe jina kwa kuwa walimu walioko sasa hawakuwepo wakati huo, na wengi wenu mliokaa hapa mlipita mikononi mwake, mnaukumbuka mwandiko wake ubaoni, mnaikumbuka pia rula yake. Ukurasa wa nne wa daftari unasema hivi: "Waliofaulu watasimama wanisifu. Muwaache waseme, lakini msiwasikilize sana, maana hao wangefaulu hata kama ningekuwa nimelala."

Mwaka 2002 aliteuliwa naibu wa mwalimu mkuu, na Januari 2003, elimu ya bure ilipoanza, darasa lake likawa na watoto tisini na wanne, wengine wameketi kwenye matofali, na hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, alipoanza kufundisha nusu ya mbele. Watoto saba waliokaa ukutani, ambao walikuwa wamesukumwa darasa hadi darasa bila kujua kusoma, aliwapa jina la kamati ya nyuma, darasa likacheka, walimu wenzake wakalichukua jina hilo wakalitumia ofisini, na kila aliponakili maswali ubaoni kamati hiyo ilinakili michoro ya herufi bila kujua zinasema nini, naye akapita akaweka alama ya vyema kwa sababu daftari lilikuwa safi. Mmoja wa saba hao aliitwa Nyamu, mwana wa Wanjugu, mjane aliyekuwa akichuma majani chai kwenye mashamba ya watu, na familia inalitaja jina lake kwa ruhusa yake mwenyewe, kama itakavyoelezwa.

Mapema mwaka 2007 walimu walikaa wakakubaliana kwamba wanafunzi ambao wangeuvuta chini wastani wa shule wasiandikishwe mtihani wa darasa la nane. Wote walikubali, lakini daftari linaagiza wasilaumiwe, kwa sababu aliyesimama kulisema jambo hilo alikuwa yeye. Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa tarehe 23 Februari 2007, wazazi wapatao mia mbili wameketi uwanjani, na Wanjugu alikuja amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akasimama kuuliza ni kwa nini jina la mtoto wake halimo kwenye orodha, na Mwalimu Kiende, badala ya kumwita kando, alimjibu akiwa mbele.

"Mama Nyamu, huyu kijana wako tumemjaribu. Kuna kichwa cha kalamu na kuna kichwa cha jembe, na hiki chako ni cha jembe. Mpeleke shambani mapema, asituangushie shule."

Watu walicheka, na Nyamu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa amesimama karibu na tangi la maji pamoja na wenzake, akasikia kila neno.

Wanjugu akasema, "Asante, Mwalimu," kwa kuwa ndivyo mzazi anavyomjibu mwalimu, akaketi.

Mwaka huo wastani wa shule ulipanda, Mwalimu akapewa saa ya ukutani na kupigwa picha akipeana mkono na wageni, na picha hiyo ikatundikwa sebuleni, ambamo Muchangi na Kawira waliionyesha kwa fahari kila mgeni aliyeingia.

Julai 2009 magunia ya kahawa yaliibwa kutoka ghala la mkulima mmoja, vijana watatu waliokuwa wakifanya kibarua hapo wakakamatwa, Nyamu akiwa mmoja wao, na baada ya siku mbili akawekewa karatasi akaambiwa aweke kidole, akaweka, akidhani ni karatasi ya kumwita mama yake aje amchukue, kumbe ilikuwa imeandikwa kwamba amekubali kosa. Mbele ya mahakama aliulizwa kama alama ile ni ya kidole chake, naye kwa kuwa ilikuwa ya kidole chake akasema ndiyo. Alipelekwa jela ya vijana kwa miaka mitatu, na Mwalimu Kiende hakujua, kwa sababu tangu siku ile ya wazazi hakuwahi kuuliza habari zake.

Alizijua Jumamosi tarehe 12 Desemba 2009, wakati akina mama wa kanisa walipokwenda kuwatembelea vijana wa jela hiyo na kuwapelekea sabuni, mikate na Biblia. Baada ya nyimbo, kiongozi wa akina mama aliomba kijana mmoja asome somo la siku, na askari mmoja, Afisa Mugendi, akamwonyesha kidole kijana mrefu wa mstari wa pili, ambaye alisimama, akaipokea Biblia kwa mikono miwili, akaangalia ukurasa, halafu akaangalia akina mama mmoja mmoja mpaka macho yake yakamfikia Mwalimu.

"Mimi siwezi soma, Mama," alimwambia kiongozi kwa upole. "Mwalimu Kiende anajua. Si ni yeye alikuwa mwalimu wangu?"

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Kijana mwingine alisoma, mikate ikagawanywa, na njia nzima ya kurudi nyumbani akina mama walizungumza habari za mvua, kwa sauti ya juu kuliko kawaida, ili wasizungumze lingine. Jioni ile Mwalimu aliishusha picha ya sebuleni, akamwambia mumewe kwamba kioo kimepasuka, na Bwana Ndambiri, ambaye aliona kwamba hakijapasuka, hakuuliza.

Kwa miezi mitatu hakurudi. Aliwaambia akina mama kwamba mguu unamsumbua, akafundisha kama kawaida, akasahihisha madaftari, na daftari lake mwenyewe linasema kwamba wakati huo hakuwa akimwonea Nyamu huruma hata kidogo, alichokuwa akihisi ni hasira, kwamba kijana yule amemwaibisha mbele ya watu, mpaka siku moja akiwa anapepeta maharagwe alijikuta ameyarudia maneno hayo kwa sauti, amemwaibisha mbele ya watu, akauacha ule ungo pale pale na kuingia ndani.

Jumamosi tarehe 13 Machi 2010 alikwenda peke yake, na sanduku la chaki, na Afisa Mugendi akampokea langoni bila furaha yoyote.

"Mwalimu, hawa wanataka mpira. Hawataki kalamu."

"Niko na mmoja ninayemdai kalamu," akasema, kisha akajirekebisha. "La. Yeye ndiye anayenidai."

Alipewa kibanda cha kulia chakula, na waliokuja siku hiyo walikuwa kumi na wanne, wengine wakikimbia kibarua cha shamba tu, wakakuta mwalimu wa miaka hamsini na miwili amepiga magoti kwenye saruji ili macho yake yawe sawa na ya aliyeketi, akimwandikia kila mmoja jina lake, na mmoja wao, ambaye alikuwa ameitwa kwa jina hilo miaka kumi na saba, aliuliza kama kweli ni refu hivyo. Nyamu hakuwemo. Alikuwa nje akipasua kuni za jikoni, na mchana Mwalimu alimfuata, akasimama mbali kidogo na shoka, akamwambia kwamba amekuja kwa ajili yake, na nafasi yake ndani ni ya mbele.

Nyamu aliweka shoka chini kwa heshima, akajipangusa jasho.

"Fundisha hawa wengine, Mwalimu. Mimi ulishanifundisha."

Na hakuingia, si wiki hiyo, wala iliyofuata, wala siku yoyote kwa miaka miwili na nusu aliyobakiza, ingawa kila Jumamosi kazi zake zilimpitisha kando ya kibanda kile, na Mwalimu, akiwa anafundisha, alimwona amebeba maji, amebeba jembe, na sauti za wenzake wakisoma silabi kwa pamoja zilimfikia kila alipokuwa. Aliachiliwa Agosti 2012, akatoka langoni kama alivyoingia, akaweka kidole kwenye karatasi ya kuondokea.

Watu wengi wanasema kwamba kazi hii ilimbadilisha Mwalimu akawa mpole, na familia ingependa kulisema hilo pia, lakini daftari linatueleza kwamba mwaka 2011 kijana mmoja alishindwa herufi ile ile kwa wiki ya tatu, na Mwalimu akafungua mdomo akaanza, "Wewe kichwa chako," akanyamaza katikati, vijana wote wakimtazama, naye akatoka nje akashika ukuta mpaka kengele ikalia, kwa sababu aligundua kwamba maneno yale yalikuwa bado yamo ndani yake, mazima, tayari kutoka. Aliporudi aliwaomba radhi bila kuwaambia ni kwa nini, na hakuwahi kuwaambia.

Alichowaambia daima ni hiki, na waliofundishwa naye wanakijua kwa moyo, kwamba usiweke kidole mahali ambapo macho yako hayajapita. Aliwafundisha kwa karatasi zao wenyewe, hati za mashtaka, barua za nyumbani, kanuni zilizobandikwa ukutani, na wapo waliosoma kwa mara ya kwanza walichofungiwa wakashangaa, na yupo aliyesoma barua ambayo mama yake alikuwa amemwandikia miezi minane kabla, akaikunja, akaomba apewe karatasi. Kwa miaka kumi na minne, ukiacha wakati wa ugonjwa wa korona ambapo lango lilifungwa, naye akawa anawapelekea kurasa alizoandika kwa herufi kubwa, alifundisha vijana mia tatu na kumi na wawili, na daftari linaandika hesabu hiyo kisha linaongeza, "Na mmoja sikumfundisha."

Hapa familia inaongeza yake, ambayo haimo kwenye daftari. Kazi hii ilituaibisha. Majirani walipouliza Mwalimu huenda wapi kila Jumamosi, tulisema anafundisha chuoni, tukiogopa kwamba jina la jela likiingia nyumbani halitatoka, na Kawira alimwomba asitundike sare za vijana alizokuwa akiwashonea kwenye kamba inayoonekana kutoka barabarani. Muchangi alifanya zaidi. Mchana mmoja mwaka 2016, mjini Meru, akiwa ametoka kula na wenzake wa ofisini, mtu mmoja aliyevaa ovaroli yenye grisi, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Mutwiri, alimsimamisha akitabasamu, akamwambia, "Bosi, wewe ni kijana wa Mwalimu Kiende, si ndio? Mmefanana kabisa. Mimi alinifundisha kusoma nikiwa ndani. Mwambie bado nasoma, kila siku nanunua gazeti."

Wenzake walikuwa wamesimama wakisikiliza, na Muchangi akasema, "Umenifananisha, ndugu yangu. Mama yangu ni mkulima."

Mutwiri alimtazama kidogo, akasema, "Pole, nimekosea," akaenda zake, na salamu ile haikufikishwa kwa miaka minane.

Mwalimu mwenyewe, tangu Nyamu aachiliwe, alikwenda nyumbani kwao mara tatu. Mara mbili za kwanza alimkuta Wanjugu peke yake, akaletewa kiti na uji, na akasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa. Mara ya tatu, Agosti 2018, Nyamu alikuwepo, ana miaka ishirini na sita, ana mke na mtoto wa kike, akamkaribisha, wakanywa chai, akamweleza habari ya karatasi ile na kidole, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia, na alipomaliza Mwalimu aliteremka kitini akamwomba msamaha akiwa amepiga magoti, akamwahidi kwamba angekuja kumfundisha hapo hapo nyumbani, kwa siri, bila mtu kujua.

"Inuka, Mwalimu, mama yangu anaona," Nyamu alisema. "Hiyo ya siri mimi sitaki. Wewe ulisema mbele ya watu, na jina langu ulitaja. Ukitaka kusema pole, sema huko."

Aliahidi. Jumapili tarehe 14 Aprili 2019, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani, wengi wenu mlikuwepo, akashika kipaza sauti, akamshukuru Mungu kwa afya na kwa mvua, akaketi. Mwaka 2022 shule ilimwalika siku ya wazazi kama mwalimu mstaafu, na alikwenda akiwa ameyaandika maneno kwenye karatasi, lakini alipoitwa mbele, mwalimu mkuu alianza kwa kuwakumbusha wazazi matokeo ya mwaka 2007, uwanja ukapiga makofi, naye akapokea leso aliyozawadiwa na kurudi na karatasi yake ndani ya mkoba. Ukurasa wa thelathini na moja unasema, "Niliweza kusimama mbele ya watu kumvunja mtoto wa mjane, na sikuhitaji karatasi. Kusimama kusema nimekosa, nimeshindwa. Mimi ni mwoga. Nimewafundisha wafungwa kusoma ili nisilazimike kusema."

Septemba 2023 alianza kuhisi chakula kikimkwama kooni, akanyamaza mpaka Januari 2024, alipopelekwa hospitali mjini Meru ikagundulika kwamba ni saratani ya umio, akaanza matibabu, akapata nafuu, akarudi hata darasani Jumamosi chache, akifundisha kwa kunong'ona, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 26 Oktoba 2024. Ilikuwa mwezi uliofuata, akiwa amelazwa, ambapo Muchangi alimweleza habari ya Mutwiri, akitarajia kusamehewa haraka kama mtoto anavyosamehewa.

"Gazeti kila siku," Mwalimu alisema, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi nilimkana wangu mbele ya wazazi mia mbili. Wewe ulijifunza kwangu, Muchangi. Mtafute." Akatoa daftari chini ya mto, akamwambia alisome mbele ya watu siku ya kumzika, asiruke. Muchangi aliapa.

Alizidiwa mwishoni mwa Februari, akahamishiwa hospitali ya mjini Embu ili awe karibu na nyumbani, akaaga dunia Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, Kawira akiwa amemshika mkono.

Jumanne wiki hii familia ilikaa na kukubaliana kwamba daftari lisisomwe. Muchangi mwenyewe ndiye aliyesema hayo kwanza, kwamba marehemu asiaibishwe akiwa ndani ya jeneza, wajomba wakaunga mkono, kijitabu kikapelekwa kuchapishwa. Mzee Ndambiri hakusema neno mpaka leo asubuhi, Ijumaa tarehe 14 Machi, tukiwa tunasubiri mwili, alipomwita mwanawe kando ya gari.

"Mimi niliona kioo kiko kizima, nikanyamaza," alisema. "Miaka kumi na tano tumelala kitanda kimoja, mimi na yeye na hiyo picha, na sikumuuliza. Wewe uliogopa jina la jela. Mimi niliogopa kumwona analia. Soma hilo daftari."

Kawira alikuwa tayari ameshakwenda kwa Nyamu juzi, bila kutuambia, kumweleza yaliyoandikwa na kumwomba ruhusa ya jina lake. Alimkuta akichanja kuni za mama yake. Nyamu alimwuliza kama historia hiyo imechapishwa au itasomwa kwa mdomo, kwa sababu ikiwa imechapishwa haitamsaidia, na Kawira, ambaye alijua kwamba kijitabu kimechapishwa na kwamba historia ya kweli haimo, alimjibu kwamba itasomwa.

"Basi asome," alisema. "Hata hiyo ya kutojua kusoma aseme. Walishaambiwa zamani."

Kwa hiyo familia inasema mbele yenu, na mbele ya wengi wenu mliokuwa uwanjani siku ile, kwamba tarehe 23 Februari 2007 Mwalimu Phyllis Kiende alimkosea Nyamu mwana wa Wanjugu, na alimkosea Wanjugu, na kichwa cha Nyamu hakikuwa na shida yoyote, ila hakufundishwa. Wale wengine sita wa kamati ya nyuma, majina yao yako kwenye ukurasa wa mwisho, na familia itawaendea mmoja mmoja kabla ya kuyasoma. Kama Nyamu amekuja leo, tunawasihi msigeuze vichwa kumtafuta. Na ndugu Mutwiri, kama habari hii itakufikia popote pale Meru ulipo, hukukosea mtu. Yule ndiye aliyekuwa mama yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Meru na Embu waliomhudumia bila kuchoka, Afisa Mugendi na wenzake waliomfungulia lango kwa miaka kumi na minne na leo wamekuja wakiwa wamevaa kiraia, akina mama wa kanisa waliomwogesha na kumpikia, majirani mliolala hapa tangu msiba utokee, walimu wenzake wa zamani, na vijana walioko ndani, waliotutumia barua moja iliyoandikwa na watu ishirini na tisa, kila mmoja sentensi yake. Darasa la Jumamosi halina mwalimu tangu Oktoba, na kesho ni Jumamosi, hivyo mwenye nafasi amwone Afisa Mugendi kabla ya kuondoka.

Mama, nimesoma yote na sijaruka. Lala kwa amani.